Waya Shingoni mwa Madam

Mgeni yeyote aliyekuja kujifunza kazi katika karakana ile alionyeshwa mikono kabla ya kuonyeshwa kitu kingine. Madam alisimama mbele yake, akainua viganja viwili usawa wa uso, akavigeuza polepole mbele na nyuma, kisha akasema, "Hivi vidole vyote ni vyangu. Sasa muulize Kipkorir vyake viko wapi."

Kipkorir, fundi wake wa miaka mingi, alikuwa akingoja zamu yake katika mchezo huo. Aliinua mkono wa kushoto, ambao kidole chake cha shahada kiliishia kwenye kifundo cha kati, akampungia mgeni.

"Kilichobaki kiko Nakuru," alisema. "Kilipata kazi huko."

Watu walicheka, ila Madam. Kwake mikono ile haikuwa mzaha. Ilikuwa cheti chake, na aliamini kwamba aliyeshindwa kukisoma asipewe hata tupa ashike.

Siku nilipoonyeshwa mimi, nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi na tabia mbaya ya kutotikisa kichwa pale ninapotarajiwa kukitikisa. Nikamuuliza, "Lakini Madam, tutajuaje si bahati tu?"

Hata aliyekuwa akipiga msasa aliacha.

"Kwa nini iwe bahati?"

"Kwa nini isiwe?"

Tangu siku hiyo aliniita Bwana Kwanini. Kipkorir, aliyeona jina hilo ni refu, aliniita Injinia, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ng'ombe.

Sitasema Madam alizaliwa wapi. Hatukujua, na waliojaribu kumkisia kwa lugha walichoka. Wakulima waliomletea mashine za kukatia nyasi aliongea nao Kikipsigis kilichonyooka. Wauzaji wa vyuma wa mjini Kericho alibishana nao kwa Kikuyu hadi wakapunguza bei. Akiwa na hasira alitumia Kiswahili, maana alisema hasira lazima ieleweke na wote. Aliitwa Madam kwa sababu alifundisha ufundi wa chuma katika polisi ya vijana, yaani politeknik ya kijijini, kabla ya kufungua karakana yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiita polisi. Alisema nidhamu ilikuwa ileile. Ukitoka Sigowet hadi Bomet ukaona geti lililochomelewa vizuri, ujue aliyelichomelea aliwahi kuchapwa rula na Madam.

Karakana iko kando ya barabara inayopanda kwenda Mogogosiek, mabati juu, mabati pembeni, michai imeizunguka hadi ukutani. Kazi iliyotulisha ilikuwa kunoa meno. Kiwandani, jani la chai lililonyauka hupitishwa katikati ya rola mbili za chuma zenye meno madogo, zinazozunguka kwa kasi tofauti, zikalitafuna mpaka liwe punje. Meno hayo huisha makali. Hapo chai hupondeka badala ya kukatika, rangi yake hufifia kikombeni, na kiwanda huanza kutupigia simu. Rola hufunguliwa, huletwa kwetu kwa lori, nasi huzikata meno upya.

Kwa sababu hiyo Madam alikunywa chai bila maziwa. Katika nchi ambayo kila boma lina ng'ombe, na chai ya rangi hupewa mgeni asiyetakiwa, hilo lilikuwa jambo la kusemwa. Akina mama wa kanisani walidhani ni umaskini, wakamletea maziwa kwenye chupa. Aliyapokea, akashukuru, akampa Kipkorir. "Mimi ndiye ninayenoa meno yanayoitafuna hii chai," alisema. "Nikitia maziwa nitajuaje kama nilifanya kazi?"

Alikuwa mwalimu asiyependa maswali. Hilo sikuwahi kulielewa na sijalielewa bado. Ukimuuliza kwa nini kisu kinainamishwa hivi na si vile, alikuambia, "Kiinamishe vile, uone." Ukikiinamisha vile kikavunjika, alikuokotea vipande na kukuwekea mfukoni mwa ovaroli. "Hilo ndilo jibu. Nenda nalo nyumbani." Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba swali huulizwa kabla ya chuma kuvunjika. Yeye aliona swali lisilovunja kitu ni porojo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwachia mtu ajifunze kwa kuvunja. Mashine yoyote ambayo mtu angeingiza mkono ndani yake, Madam alitangulia kuingiza wake. Hivyo ndivyo alivyofanya politeknik, na hakuacha: mkono wa mwalimu kwanza, wa mwanafunzi baadaye. Haikujalisha mwanafunzi alikuwa na umri gani. Kipkorir alikuwa na wajukuu, na bado, mashine ikifunguliwa baada ya kutengenezwa, alisimama kando na kungoja mkono wa Madam uingie na kutoka.

Siku moja tuliitwa Soin kutengeneza kinu cha kusaga mahindi kilichokataa kuzunguka. Joto la kule lilikuwa limemfanya kila mtu mvivu. Mwenye kinu, mzee mnene mwenye fulana, alituambia amezima.

"Umezima wapi?" Madam aliuliza.

"Pale ukutani, mama. Nimezima."

"Ngoja." Alienda ukutani, akafungua kisanduku, akang'oa fyuzi, akaitumbukiza kifuani ndani ya blauzi yake. Mzee aligeuza uso upande mwingine. "Kilichozimwa kinaweza kuwashwa," Madam alimwambia. "Kilicho kifuani kwangu hakiwashwi na mtu."

Tulitengeneza kinu, tukaalikwa chakula nyumbani kwa mzee, tukala, na wateja walikuwa wamepanga magunia nje mpaka barabarani kabla mtu yeyote hajakumbuka fyuzi iko wapi. Hakuna aliyethubutu kwenda kuiomba. Mzee alimtuma mkewe.

Sasa nieleze habari ya waya, maana ndio uliokaribia kumuua Madam.

Mashine yetu ya kunolea rola ilikuwa ya kizamani mwilini na ya kisasa kichwani. Mwili wake ulikuwa mashine kubwa ya kukereza, chuma kizito kilichotengenezwa kabla sijazaliwa. Madam alikuwa ameifungia injini ndogo na sanduku la umeme, ili kompyuta iiamuru kila jino likatwe wapi na kwa kina gani. Kompyuta ilikaa ofisini, ng'ambo ya ua, kwa sababu vumbi la chuma lingeiua kwa wiki moja. Waya mrefu ulitoka ofisini, ukapita chini ya upenu, ukafika kwenye mashine.

Rola ikiwa katikati ya kunolewa, mashine ile haizimwi. Ukiizima inasahau ilipofikia, na ukiiwasha tena haijui jino lililokatwa na ambalo bado. Rola nzima inageuka chuma chakavu. Lakini kila mara nyuzi za chuma hujisokota kwenye kisu, na lazima mtu aingize mkono kuzitoa. Kwa hiyo mkono uliingia katikati ya kisu na rola huku injini zikiwa na umeme, zikikoroma chini chini kama paka aliyeshiba.

Kilichozuia mashine isitembee wakati huo ni kipande cha waya cha urefu wa mkono. Kiliunganisha ule waya mrefu wa ofisini na sanduku la mashine. Aliyetaka kuingiza mkono alikichomoa kipande hicho, akakizungusha shingoni, akakifutika chini ya kola. Hapo kompyuta ingeamuru ilivyotaka. Amri haikuwa na pa kupitia. Akimaliza anakivua, anakirudisha, na mashine inaendelea pale ilipoachia. Ilikuwa sheria. Ukiona mtu ameinama kwenye mashine, unatazama shingo yake. Ukiona waya, unaendelea na shughuli zako.

Nilimwambia Madam kwamba hakuna kitabu chochote cha usalama duniani kingekubali jambo hilo. Zaidi ya hayo, yeye alikataza tai, rozari, mitandio, hata kamba ya kitambulisho. Alikuwa amemrudisha nyumbani mhubiri aliyekuja kuombea karakana akiwa na skafu. Kitu pekee kilichoruhusiwa shingoni kilikuwa kigumu kukatika kuliko vyote hivyo.

"Skafu inaliwa kwa sababu mashine inazunguka," alisema. "Waya ukiwa shingoni mwangu, itazungushwa na nani?"

Hoja hiyo ilinikera kwa siku kadhaa.

Ofisini, mkono wa kompyuta ulikuwa wa Kipkorir. Tangu kidole kimwache alipenda kazi ya kukaa. Naye alikuwa na zoea lake: aliibonyeza amri inayofuata mapema, hata kama waya ulikuwa shingoni mwa mtu. Kompyuta ilingoja tu. Waya ukirudishwa, kazi inaanza bila mtu kukimbia uani kusema "tayari". Madam alilijua zoea hilo na alilipenda, maana lilikuwa na busara. Kila upande ulikuwa na kazi yake, na katikati yao kulikuwa na waya.

Kisha ikaja radi.

Huku kwetu radi si habari. Karibu kila mchana wa msimu wa mvua, mawingu hujikusanya upande wa ziwa, yakapanda, yakatumwagikia. Lakini siku hiyo ilipiga karibu na ua, ikaushika waya wetu mrefu chini ya upenu, ikachoma kompyuta upande mmoja na sanduku la mashine upande mwingine kwa pigo moja. Hakuna aliyeumia. Madam alisimama katikati ya harufu ya plastiki iliyoungua, akautazama waya kama mtu anayemtazama mtumishi aliyewafungulia wezi mlango.

"Ng'oa," aliniambia. "Wote. Unganisha bila waya."

Nilidhani nimesikia vibaya. Huyu ndiye mwanamke aliyekataa kipaza sauti kisicho na waya kanisani. Aliongoza kwaya, na kanisa liliponunua vipaza sauti vipya alivirudisha kwenye boksi, akaburuta waya wake madhabahuni huku mchungaji akiuruka. Alisema anataka kujua sauti yake inapita wapi.

"Madam," nilimkumbusha, "kanisani ulikataa."

"Kanisani nikikosea naaibika tu. Hapa nikipigwa radi tena nafunga. Hawa wote watakula nini?"

Hapo nilimwelewa. Kiwanda kisingengoja. Majani yalikuwa yanachumwa kwa wingi, na karakana nyingine ya kunoa rola ilikuwa mbali lakini ilikuwapo. Nikatafuta redio mbili ndogo, kila moja si kubwa kuliko kiberiti. Moja nikaichomeka kwenye kompyuta mpya, nyingine kwenye sanduku jipya la mashine. Kipkorir alikiita hicho cha kwenye mashine kadudu, na jina likashika. Kadudu kalikuwa na taa ya kijani iliyowaka kalipoisikia kompyuta, nayo ilionekana kupitia kidirisha cha kioo kwenye sanduku. Nilipobonyeza amri ya kwanza ofisini na mashine ng'ambo ya ua ikaitika, bila kitu chochote kati yao ila kuku na kamba ya nguo, mafundi walipiga makofi. Madam hakupiga. Alitembea polepole kutoka ofisini hadi kwenye mashine, akipitisha mkono mbele yake hewani, kama mtu anayetafuta utando wa buibui.

"Inapita hapa?" aliuliza.

"Inapita kila mahali."

"Mhm."

Jioni hiyo, watu wakinawa mikono, nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi. "Madam, sasa tukiingiza mkono tutavaa nini?"

"Tutavaa akili."

"Mimi nauliza kweli. Hakuna cha kuchomoa. Kadudu kako ndani ya sanduku, limefungwa kwa skurubu. Tukaweke nje, mtu akachomoe, aende nako mfukoni."

"Nje kutaingia vumbi la chuma, na baada ya mwezi hakatashika tena kwenye tundu lake. Si uliona tundu la waya lilivyochakaa? Hapana." Alikuwa amekwisha kuamua. Kutakuwa na kengele. Kipkorir atapiga kengele ya umeme kutoka ofisini kabla ya kubonyeza. Aliye kwenye mashine atajibu kwa kugonga rimu ya gari iliyoning'inia kwenye boriti, ileile aliyotoka nayo politeknik. Bila jibu, hakuna kubonyeza.

"Na kama—"

"Bwana Kwanini. Watoto elfu moja walinisikia nikigonga rimu hiyo. Wewe utashindwa?"

Ule waya mrefu tuliung'oa. Kile kipande kifupi kilibaki. Madam hakutupa kitu, na sanduku jipya nalo lilikuwa na tundu la waya, ambalo lingeingia vumbi likiachwa wazi. Kwa hiyo alikichomeka palepale kilipokuwa siku zote, kikawa kizibo. Ncha yake ya pili ilining'inia kwenye msumari, haikuunganisha chochote.

Tulifanya kazi hivyo kwa muda, na kusema kweli ilikwenda vizuri. Kengele ililia, rimu ikajibu, meno yakakatwa. Mimi ndiye peke yangu niliyekuwa na wasiwasi, na kila mtu alikuwa amezoea kwamba mimi huwa na wasiwasi.

Siku ya mvua ya mawe tulikuwa na rola ya kiwanda mashineni, na lori lilikuwa limekwisha kutumwa kuichukua. Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa uani nikifunika injini ya mteja kwa turubai wakati mawe yalipoanza kuanguka, kwanza moja moja kama mtu anayetupa kokoto, halafu yote. Nilikimbilia kwenye mlango wa karakana, mikono juu ya kichwa. Ndani, mabati yalikuwa yakipigwa hivi kwamba ungeweza kumwambia mtu sikioni jina lake na asilisikie.

Madam alikuwa ameinama kwenye mashine, mkono wa kulia umeingia mpaka kwenye kiwiko, akitoa nyuzi. Shingoni mwake kulikuwa na waya.

Nakumbuka jinsi mwili wangu ulivyotulia. Nilikuwa nimeshauona waya ule shingoni mwa watu kiasi kwamba macho yangu yalipoukuta, mabega yalishuka yenyewe. Nikaanza kukung'uta barafu kwenye nywele. Ndipo nikaona, juu ya mgongo wake, taa ya kijani ya kadudu.

Alikuwa amefanya kile mkono wake ulichofanya siku zote. Alisimama mbele ya sanduku, akashika kipande kile, akakivuta, akasikia kikitoka kwa mlio wake mdogo, akakizungusha shingoni. Mkono uliridhika. Kichwa hakikuulizwa.

Ofisini, kama tulivyojua baadaye, Kipkorir alipiga kengele. Alisubiri jibu. Na mvua ya mawe ikipiga mabati, utasikia jibu lolote unalolitaka. Alisikia rimu. Mpaka leo anasema aliisikia. Akabonyeza.

Rola ilianza kuzunguka, polepole, kama inavyozunguka siku zote wakati wa kunoa. Mtu angeweza kuhesabu meno. Madam aliuvuta mkono, nao ukatoka, mzima. Lakini alipouvuta aliinua mabega, kipande cha waya kikatoka chini ya kola, kikaning'inia, na meno yakakipata. Hayakuwa na haraka. Yalikivuta kama mtu anayekunja uzi kwenye kidole. Madam alitia mikono miwili kwenye kitanda cha mashine, akasukuma nyuma kwa nguvu zake zote, na uso wake ulikuwa ukishuka hata hivyo.

Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa upande wa pili wa mashine. Sikumbuki nilivyofika. Nilikigonga kwa ngumi, umeme ukakatika, injini zikaachia. Nikaishika rola kwa mikono miwili, meno yakiniingia viganjani, nikairudisha nyuma mpaka waya ukalegea. Alikaa chini sakafuni, kwenye vumbi la chuma, akavuta pumzi yenye sauti kama mlango wa bati.

Mvua iliisha kama ilivyoanza. Kipkorir alikuja akikanyaga barafu, akicheka habari ya kuku waliojificha chini ya gari. Aliona waya kwenye rola, akaona shingo ya Madam, akakaa chini palepale mlangoni.

"Ulisikia nikijibu?" Madam alimuuliza. Sauti haikuwa yake.

"Nilisikia, Madam."

"Haya. Mimi nilisikia waya ukichomoka. Basi tumesikia sote."

Hakumlaumu siku hiyo wala siku nyingine. Rola ya kiwanda ilikuwa imeharibika, kwa sababu mashine ilizimwa katikati, na Madam mwenyewe ndiye aliyetoka kumweleza dereva wa lori, kola imeinuliwa, akisema ni kosa la karakana. Dereva alikodoa macho kwenye kola, akageuza lori.

Kuanzia hapo aliifunika mashine ile kwa turubai. Hakukubali turudishe waya uani, maana mawingu yalikuwa bado yanapanda kila mchana. Hakukubali pia mtu aiguse. Alichukua kazi za mkono: mageti, majembe ya ng'ombe, mapipa ya maziwa yanayovuja. Aliwaachisha kazi wawili, akawatafutia nafasi kwingine kabla ya kuwaambia. Wanafunzi wapya hawakuja, na hata mmoja alipokuja kuulizia, Madam hakumwonyesha mikono. Alikaa akinywa chai yake nyeusi na kutazama turubai. Nami nikapata kazi Kericho mjini, nikaenda. Niliondoka nikifikiri nimemwona fundi akiisha.

Madam alinipigia simu baada ya miezi kadhaa. Hakusalimia.

"Kuja Jumamosi. Kuja na yale maswali yako."

Nilimkuta amefunga kitambaa shingoni, kifupi, kimeshonwa kwenye kola ili kisitoke. Turubai lilikuwa limeondolewa. Kwenye sanduku la mashine, upande wa nje, alikuwa amechonga tundu na kulifunika kwa kifuniko cha mpira wa tyubu ya gari kilichobana kama jicho. Kadudu kalikuwa mle. Kipande cha waya hakikuwepo popote. Msumari wake pia ulikuwa umeng'olewa.

"Vumbi?" niliuliza.

"Nimekalaza hapo wiki nzima nikisaga chuma karibu yake. Kanashika bado." Alinitazama kando. "Usifurahi. Bado sijaamini."

Kulikuwa na rola mashineni, ya zamani, ya majaribio. Kipkorir alikuwa ofisini, dirisha wazi, amenyoosha shingo kututazama. Kisu kilikata meno machache, nyuzi zikajisokota, Kipkorir akaisimamisha. Injini zikabaki zikikoroma. Ukafika wakati wa mkono.

Nilifungua mpira, nikachomoa kadudu. Taa ya kijani ikazimika. Nikakatia mfukoni mwa shati.

"Leta," Madam alisema, kiganja wazi.

Nikampa. Akakatumbukiza kifuani, kama fyuzi ya Soin. Kisha akasimama, hakusogea.

"Uliza."

"Niulize nini?"

"Wewe hukosagi swali. Uliza."

Nilitazama sanduku. "Tunajuaje hakuna kengine ndani?"

"Nilifungua mwenyewe. Hakuna. Uliza ingine."

"Na kama mashine ilihifadhi amri kabla hatujachomoa?"

Madam aligeukia dirisha.

"Kipkorir. Bonyeza."

"Madam?"

"Bonyeza, nimesema."

Kipkorir aliinua mkono wake wenye kidole kifupi ili tuuone, akaushusha. Tulisubiri. Injini zilikoroma. Rola haikutikisika.

"Tena," Madam alisema.

Akabonyeza tena. Hakuna kitu.

Nikanyoosha mkono kuelekea kisu. Madam alinidaka kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Wewe ni mwanafunzi wangu," alisema.

Alikunja mkono wa ovaroli hadi juu ya kiwiko. Kisha akauingiza mkono wake, polepole, katikati ya kisu na rola, mpaka meno yakagusa ngozi, akauacha humo.

"Kipkorir," aliita, bila kugeuka. "Bonyeza."

Kutoka dirishani tulisikia kidole kikigonga kibodi, mara moja, wazi kabisa, kwa sababu mchana ule mbingu ilikuwa kimya.

Madam alifumba macho. Alipoyafumbua alishika nyuzi za chuma, akazing'oa, akautoa mkono. Akauinua usawa wa uso, akaugeuza mbele na nyuma kama alivyowafanyia wageni miaka yote. Safari hii alikuwa akiutazama yeye mwenyewe.

"Haya," akasema. "Ingiza wako."